Vitabu Vilivyochakaa kwa Kusomwa: Kisa cha Maktaba ya Mtaa wa 135, Harlem

Mwishoni mwa mwaka 1924 maktaba ya Mtaa wa 135, Harlem, jijini New York, ilikuwa inaishiwa vitabu. Si vitabu vyote. Vilivyokuwa vinaisha ni vile vinavyoeleza habari za watu weusi: historia yao, mashairi yao, maisha ya watumwa waliotoroka wakaandika kwa mkono wao yaliyowapata. Havikuungua wala havikunyeshewa. Vilikuwa vinasomwa. Kitabu kinaazimwa, kinarudi mgongo umelegea, mwingine anakichukua kabla hakijafika rafuni, kurasa zinaanza kuchomoka, na siku moja kinaondoka kisirudi. Vingi vilikuwa vimeacha kuchapwa siku nyingi. Kikipotea, ndiyo basi.

Desemba ile mkuu wa tawi, Ernestine Rose, aliwaita wenyeji wa Harlem wakae pamoja waamue la kufanya. Nimeusoma mkutano huo na kuurudia mara nyingi, maana kila ninapoona tangazo kwamba maktaba fulani itaadhimisha historia na utamaduni wa watu weusi, swali linalonijia ni lilelile: vitabu vyenyewe viko wapi, na ni nani aliyeamua viwekwe pale? Harlem walilijibu swali hilo mapema, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu shughuli zao zimedumu miaka mia moja.

Tawi lilifunguliwa mwaka 1905, jengo la mawe la ghorofa tatu lililojengwa kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie. Wasomaji wake wa mwanzo wengi walikuwa Wayahudi. Kisha mtaa ukageuka. Weusi waliokimbia ubaguzi na magenge ya wauaji huko kusini walimiminika Harlem, na wengine wakashuka melini kutoka visiwa vya Karibi. Rose, mwanamke Mzungu aliyekuwa amewahi kufanya kazi kwenye mitaa ya wahamiaji wa New York, alikabidhiwa tawi hilo mwaka 1920. Alikuta rafu zilizopangwa kwa ajili ya watu waliokwisha kuhama.

Hakuanza na tamasha. Alianza na watumishi. Mwaka huohuo wa 1920 aliajiriwa Catherine Latimer, mkutubi wa kwanza Mweusi mwenye taaluma yake katika mfumo mzima wa maktaba za umma za New York. Mwaka uliofuata akaja Pura Belpré kutoka Puerto Rico, kwa kuwa Rose aliona Wapuerto Rico wanazidi mtaani na hakuna mezani anayejua Kihispania. Nella Larsen, ambaye baadaye angejulikana kwa riwaya zake, alifanya kazi humo pia. Mwaka 1923 aliingia Regina Anderson.

Hapo kwa Belpré naomba tukae kidogo. Alipangiwa kazi ya watoto. Akapita kwenye rafu za ngano, akatafuta hadithi aliyosimuliwa na bibi yake utotoni, ya mende mrembo aitwaye Martina na panya Pérez aliyemposa. Hakuiona. Haikuwepo ya Martina wala nyingine yoyote ya kisiwani kwao. Basi akaisimulia mwenyewe, kwa mdomo, mbele ya watoto, kabla hakijakuwepo kitabu cha kuishikia. Kitabu kilikuja kuchapwa mwaka 1932. Sisi tuliolelewa na paukwa pakawa tunajua maana yake: hadithi ilikuwa hai kabla ya karatasi, na aliyeileta maktabani ni yule aliyekuwa nayo kichwani. Kama asingeajiriwa, hata mkuu wa tawi mwenye nia njema kupita wote asingejua kwamba kuna kitu kinakosekana. Pengo la namna hiyo halionekani na asiyelelewa ndani yake.

Turudi kwenye mkutano wa Desemba 1924. Mvutano wenyewe ulikuwa mgumu kuliko unavyoonekana ukisimuliwa haraka. Tawi hilo lilikuwa la kuazima. Kazi yake ni kumpa mtu kitabu aende nacho nyumbani. Mtaa ulikuwa wa wapishi, mabawabu, madobi, watu wanaotoka kazini jioni. Ukivifungia vitabu ndani visitoke, unamnyima msomaji anayevihitaji sana. Ukiviacha vitoke, mtoto wake hatavikuta. Waliokutana walichagua kuvitenga vile adimu visomewe palepale, na wakaunda kamati ya kukusanya vingine. Mwenyekiti wake alikuwa Arturo Schomburg, na miongoni mwa viongozi wenzake walikuwemo mwandishi James Weldon Johnson na Hubert Harrison, msemaji maarufu wa barabarani ambaye Harlem nzima ilimjua. Mei 1925 ikafunguliwa idara maalumu ya fasihi, historia na picha za watu weusi, Latimer akawa msimamizi wake.

Ninachokiona hapo ni kwamba wenyeji walikubali kujinyima. Walipunguza uhuru wao wa leo ili wale ambao hawajazaliwa wapate kitu. Uamuzi kama huo ukitolewa na mkurugenzi wa makao makuu kwa waraka, watu wanaona wamenyang'anywa. Ulipotolewa na watu wa mtaa, wakawa walinzi wake, na baadhi yao wakaanza kuleta vitabu vya nyumbani kwao.

Aliyeleta vingi kupita wote ni Schomburg mwenyewe. Alizaliwa Puerto Rico mwaka 1874. Husimuliwa kwamba alipokuwa mtoto mwalimu wake alimwambia watu weusi hawana historia, wala mashujaa, wala jambo kubwa walilolitenda. Alihamia New York mwaka 1891 na kwa miaka mingi alikuwa karani kwenye idara ya barua ya benki. Mshahara wa karani ndio uliokuwa ukinunua. Alizunguka kwenye maduka ya vitabu vikuukuu, akawatuma marafiki waliokuwa wakisafiri, akaandika barua Haiti na Ulaya. Alikusanya mashairi ya Phillis Wheatley, msichana aliyetekwa Afrika Magharibi akauzwa Boston na kuchapisha diwani yake mwaka 1773. Alikusanya almanaka za Benjamin Banneker, Mweusi aliyejifundisha falaki mwenyewe. Mwaka 1926 shirika la Carnegie lilimlipa dola 10,000, na mzigo wote ukaingia Mtaa wa 135: vitabu zaidi ya 5,000, miswada na hati 3,000, picha za kuchorwa zipatazo 2,000. Sehemu ya fedha hizo aliitumia kwenda Hispania kutafuta habari za wachoraji weusi wa zamani, kama Juan de Pareja, aliyekuwa mtumwa wa mchoraji Velázquez.

Yule mwalimu alijibiwa kwa kabati moja baada ya jingine.

Mwaka huohuo wa 1926, mwezi Februari, mwanahistoria Carter G. Woodson alianzisha wiki ya historia ya Weusi, iliyokuja kuwa mwezi mzima mwaka 1976. Woodson alichagua wiki yenye siku za kuzaliwa za Rais Abraham Lincoln na Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mpinzani mkuu wa utumwa, siku ambazo watu walikuwa wakiziadhimisha tayari makanisani na mashuleni. Lakini adhimisho linahitaji vitu vya kushika mkononi. Mwalimu wa Harlem aliyetaka kuwaonyesha wanafunzi wake maandishi ya mtumwa aliyejikomboa alikuwa na mahali pa kuwapeleka kwa miguu. Miji mingi haikuwa na mahali kama hapo.

Latimer naye alikuwa akifanya kazi ambayo haikupigiwa makofi. Kila siku alichukua magazeti, hasa yale ya Weusi ambayo maktaba nyingine ziliyatupa, akakata habari kwa mkasi na kuzipanga kwa majina na mada: msiba wa mtu fulani, mgomo, harusi, kesi, timu ya mpira, kanisa lililofungua kwaya. Mkusanyo ule wa vipande vya magazeti ulikua ukawa hazina ambayo watafiti wanaitumia hadi leo. Mwenye kufikiria habari za familia za kawaida, watu ambao hawakuandikiwa kitabu, aanzie kwenye mkasi wa Latimer.

Chini ya ardhi, chini ya vyumba vya kusomea, kulikuwa na ukumbi. Katikati ya miaka ya 1920 W.E.B. Du Bois, mwanazuoni na mtetezi wa haki za Weusi, alianzisha humo kikundi cha maigizo kilichotaka tamthilia zinazowahusu Weusi, zilizoandikwa na Weusi, zikaonyeshwa kwa Weusi, karibu na wanakoishi. Mwaka 1940 kikaja kikundi kingine, American Negro Theater, cha Abram Hill na Frederick O'Neal. Waigizaji Ruby Dee na Harry Belafonte walipitia pale. Sidney Poitier alipofika kujaribiwa mara ya kwanza alifukuzwa: lafudhi yake ya Bahama ilikuwa nzito, na kusoma kwenyewe alikuwa anababaika. Mzee mmoja aliyekuwa mhudumu wa mkahawa alimkalisha usiku baada ya usiku na gazeti, akamfundisha kusoma vizuri. Poitier akarudi, akaomba afagie ukumbi ili alipwe kwa masomo ya uigizaji. Mwaka 1964 alikuwa Mweusi wa kwanza kupewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Sisemi maktaba ndiyo iliyomfanya. Nasema ukumbi ulikuwa wazi mara ya pili alipobisha hodi.

Kisa hiki kina upande unaouma, na anayetaka kuiga Harlem lazima autazame. Regina Anderson alipojaza fomu ya kuomba kazi, kwenye nafasi ya kueleza yeye ni nani aliandika kwamba ni Mmarekani. Aliambiwa yeye si Mmarekani, kwa kuwa si Mzungu, na kwa rangi yake atapelekwa Harlem. Kwa hiyo ile meza yenye wakutubi wa kila rangi, ambayo Rose anastahili kusifiwa kwayo, ilikuwa pia mahali ambapo mfumo uliwasukumia Weusi ili wasionekane kwingine. Anderson, ambaye baada ya kuolewa aliitwa Andrews, alikwama kwenye cheo na mshahara mpaka Du Bois alipoandika barua za kumtetea. Mwaka 1938 ndipo alipokabidhiwa tawi la Mtaa wa 115, Mweusi wa kwanza kuongoza tawi katika mfumo ule. Hapo ilikuwa imepita miaka kumi na mitano tangu aanze kazi. Na Latimer, aliyeijenga idara tangu siku ya kwanza, mwaka 1932 aliletewa Schomburg awe mhifadhi wa mkusanyo. Schomburg alivijua vitabu kuliko mtu yeyote, lakini hakusomea ukutubi. Kila mmoja wao alikuwa na haki yake, na taasisi haikuwa na nafasi mbili za heshima. Naamini wengi wanaofanya kazi ya utamaduni kwenye ofisi za watu wengine wataitambua hali hiyo bila kuelezwa zaidi.

Schomburg alifariki mwaka 1938. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameajiriwa Augusta Baker, naye akakuta kwa upande wa watoto tatizo lilelile la Belpré, baya zaidi. Vitabu vyenye watoto weusi vilikuwepo, ila midomo ilichorwa kama sahani, majina yalikuwa ya kejeli, na mazungumzo yaliandikwa kwa Kiingereza kilichovunjwavunjwa makusudi ili msomaji acheke. Baker hakuandika risala ya kulalamika. Alikaa akavipitia kitabu baada ya kitabu, akiuliza mambo matatu: mchoro unamheshimu mtoto? Lugha ni ya binadamu wa kawaida? Hadithi inampa mtu mweusi nafasi ya mtu mzima mwenye akili zake? Mwaka 1939 akaanzisha mkusanyo wa vitabu vya watoto uliopewa jina la James Weldon Johnson, na mwaka 1946 ikachapwa orodha aliyoiandaa, ambayo maktaba na shule za miji mingine ziliweza kuitumia. Wachapishaji walianza kumsikiliza, maana alikuwa na hoja na alikuwa na wateja. Akawa pia msimulizi wa kusifika. Katika maktaba za New York saa ya hadithi ilikuwa na desturi ya kuwasha mshumaa. Hadithi zikiisha, mtoto anaupuliza akiwa na matakwa yake moyoni. Ukumbi wa watoto kimya, macho kwenye mwali mdogo, sauti moja.

Mshumaa huo unanikumbusha meza niliyowahi kuiona katika maktaba moja ya mji mdogo wa Marekani, mwishoni mwa Desemba. Ilikuwa Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, yenye majina ya Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho. Mkeka umetandikwa, mazao yamepangwa, muhindi mmoja kwa kila mtoto, kinara chenye mishumaa saba: miekundu mitatu, ya kijani mitatu, mweusi katikati. Mama aliyeongoza akauliza, "Habari gani?" na ukumbi mzima ukamjibu, "Umoja!" Mimi ambaye ningejibu "Nzuri" nilinyamaza, koo limenikaba, kwa kuona lugha niliyonyonya nayo ikitumiwa na watu ambao babu zao walinyang'anywa za kwao. Nilipotoka nilipita rafu za watoto za maktaba hiyo. Vitabu vinavyohusu familia nyeusi vilikuwa vichache, vya zamani, vingine bado vinang'aa kama havijawahi kufunguliwa. Tarehe 2 Januari kinara kilirudi kwenye boksi. Mtumishi aliyeniambia hivyo alisema boksi hufunguliwa tena Desemba. Hakukuwa na ubaya moyoni mwake. Hakuna tu aliyempa bajeti ya vitabu, na yeye hakupewa nafasi ya kuiomba.

Ndiyo maana siwezi kusifia sherehe peke yake. Mtu aliyeguswa na jioni ile angerudi kesho yake akiwa na swali, mara nyingi swali la familia: babu wa babu yangu alikuwa nani? Na swali hilo kwa Mmarekani Mweusi si jepesi. Sisi wa huku tuliozoea kumtaja mtu bin fulani bin fulani tunaweza tusilielewe. Mtafutaji anaanza na sensa, anarudi nyuma muongo hadi muongo mpaka 1870, ambapo waliokuwa watumwa wanaonekana kwa majina yao kwa mara ya kwanza. Akivuka kwenda 1860 na 1850 majina yanakatika. Kuna orodha ya watumwa chini ya jina la bwana: mwanamke, miaka 30, mweusi, mvulana, miaka 6. Basi. Hapo ndipo mkutubi anayejua kazi yake anapomshika mkono msomaji. Atamwonyesha kumbukumbu za benki iliyofunguliwa mwaka 1865 kwa ajili ya waliokombolewa, ambako aliyefungua akaunti aliulizwa majina ya wazazi na ndugu zake. Atamfungulia magazeti ya Weusi ya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, yaliyojaa matangazo ya watu waliokuwa wakiwatafuta mama na watoto waliouzwa mbali nao. Tangazo la mistari minne lina jina la mama, jina la bwana wa kwanza, mji alikouziwa, na ombi kwamba wachungaji walisome kanisani. Nimesoma matangazo ya aina hiyo, na sijawahi kuyasoma mengi kwa kikao kimoja.

Mkusanyo wa Mtaa wa 135 ulipewa jina la Schomburg mwaka 1940. Jean Blackwell Hutson aliuongoza tangu 1948 hadi 1980, na katikati ya miaka ya 1960 alikwenda Ghana kwa mwaliko wa Kwame Nkrumah kusaidia kujenga mkusanyo wa vitabu vya Afrika katika chuo kikuu cha huko. Kwao Harlem alikuwa akipigana na jengo lililozeeka na karatasi zilizokuwa zikikauka na kuvunjika vipande. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 1980, jirani na lile la zamani. Leo Schomburg Center ina vitu zaidi ya milioni 11. Kuna masomo ya Jumamosi kwa vijana, kuna tamasha la kila mwaka la vitabu vya katuni vya waandishi weusi, kuna tamasha la fasihi. Hayo nayapita upesi, maana yanafanana na ya kwingineko. Kisichofanana ni kinachokaa nyuma yake ghalani.

Mwandishi James Baldwin alizaliwa mwaka 1924, mwaka wa mkutano ule, katika hospitali ya Harlem iliyo ng'ambo ya barabara. Alipokuwa mtoto alikuwa akienda maktaba ya Mtaa wa 135 mara tatu au nne kwa wiki, akasoma kila alichokikuta. Mwaka 2017 nyaraka zake mwenyewe, barua na miswada, zilinunuliwa zikaletwa hapohapo. Nyaraka za Malcolm X zilikuwa zimetelekezwa kwenye stoo ya kukodi huko Florida, kodi haikulipwa, zikafika mnadani. Familia ikawahi kuzizuia, na mwanzoni mwa 2003 ikatangazwa kwamba zimekabidhiwa Harlem zitunzwe.

Mshairi Langston Hughes alifika Harlem mwaka 1921, kijana wa miaka 20 au chini yake, na maktaba ile ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza alipokwenda. Aliandika baadaye jinsi Rose alivyompokea. Mwaka huohuo shairi lake kuhusu mito, linalotaja Frati, Kongo, Naili na Mississippi, lilikuwa limechapishwa. Alifariki 1967. Mwaka 1991 majivu yake yalizikwa chini ya sakafu ya ukumbi wa kuingilia, na juu yake ikachorwa kwa mawe ya rangi duara yenye mito hiyo, kwa kufuata alama ya Wakongo inayoonyesha walio hai na waliokufa wakitenganishwa na maji. Duara hilo linamkumbuka Hughes na Schomburg pamoja. Siku ya kulizindua watu walikuwa wamevaa vizuri, wamesimama kulizunguka. Washairi Maya Angelou na Amiri Baraka waliingia katikati, wakashikana, wakaanza kucheza juu yake.